Kidole cha Mama na Tairi la Mbele

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu yako huita mpaka inachoka yenyewe, na mama anasema umeitupa kwenye kopo la misumari ili isikusumbue. Basi, barua. Sisi huku ni wazima. Mume wangu anakusalimia kwa mbali. Bado anaogopa kuja kwako tangu ulipomwambia baiskeli yake ni kiti cha saluni chenye magurudumu. Mtoto ameota meno mawili ya chini na anatung'ata sote bila upendeleo. Duka letu limepanuliwa na sasa mimi ndiye mkuu wa chumba cha vipimo. Kwa wiki nawapima waendesha baiskeli thelathini: goti, nyonga, wayo, mpaka upana wa mabega. Sikuambii kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia anajua anachokiandika.

Sasa la maana. Mama ameniambia kwenye simu, tena huku akicheka, kwamba akikata kona polepole ncha ya kiatu chake inagusa tairi la mbele. Hiyo ndiyo baiskeli ya kijani uliyomtengenezea mwaka jana. Mjomba, mama si mtu wa mashindano. Ni msoma mita za maji. Anakwenda geti hadi geti, anasimama, anageuza, anaingia uchochoroni, anatoka. Kwa siku moja anapindisha usukani mpaka mwisho mara mia na zaidi, pedali ikiwa mbele, mwendo ukiwa wa kobe. Mtu wa mbio hapindishi usukani hivyo hata mara moja kwa mwezi. Yeye kona anailalia. Kwa hiyo kidole kikigusana na tairi, mtu wa mbio hana habari, lakini mama kila geti kwake ni mtego.

Naomba upime kutoka katikati ya kranki, pale pedali zinapozungukia, hadi katikati ya ekseli ya gurudumu la mbele, kisha uniandikie. Ukipata pungufu ya sentimita hamsini na nane, basi fremu ina kosa na irekebishwe. Najua rula huna. Azima.

Na usilichukulie hili kwa wepesi. Ofisi yao imetoa waraka kwamba msoma mita akiumia barabarani anaingizwa ndani, kwenye kile chumba cha kugonga mihuri ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Mama ana mitaa yake kumi na moja na miaka ishirini na miwili ya kuizunguka. Anajua mita ipi imefichwa chini ya chungu gani cha maua. Ukimfungia kwenye chumba kile atanyauka.

Wako mpwa.


20 Februari

Mpwa wangu, Mtaalamu,

Marahaba. Barua yako imefika inanukia manukato. Sijui huko mnapima watu au mnawaosha. Sisi tuko salama. Mkaza mjomba wako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo miaka yote halikuwepo. Goti langu la kushoto limekaza, la kulia linalicheka. Mbusu huyo mng'ataji kwa niaba yangu, nimempenda kabla sijamwona.

Umeniambia niazime rula. Nimekaa na neno hilo siku nyingi, ndiyo maana jibu limechelewa. Mimi najenga fremu mwaka wa thelathini na moja huu. Watu wananiita Jicho, na si kwa sababu ninalo moja. Natazama mtu akiingia mlangoni mwa karakana, kabla hajaketi nimeshajua bomba la juu nilikate wapi. Nyinyi mnambandika mtu taa kwenye magoti kama uwanja wa ndege, mnamzungusha juu ya mashine saa nzima, halafu mnamwambia apandishe kiti kidogo. Kidogo! Hilo hata muuza karanga angemwambia akiwa anapita.

Sasa sikiliza, maana inaonekana shuleni hili hamkufika. Kidole kugusa tairi si kosa la fremu. Fremu ikiwa fupi mbele, baiskeli inakuwa na masikio. Ukifikiria tu kugeuka imeshageuka. Fremu zote nzuri za watu wafupi ziko hivyo. Kosa ni la mguu. Ukipinda polepole acha kupiga pedali, mguu wa ndani uwe juu na wa nje chini, kidole na tairi havitajuana milele. Ulitaka nimjengee dada yangu mkokoteni wa kuuzia nyanya? Dada yangu anapita mtaani juu ya baiskeli ya mbio, rangi ya kijani nimeipiga mikono minne, watu wanasimama kutazama. Wewe ulimpa nini?

Ah, nilisahau. Ulimpa viatu. Yale majeneza mawili ya plastiki, magumu kama sahani, yenye chuma chini cha kunasa kwenye pedali. Pedali zake nilizifunga mimi kwa mikono yangu, nikiona aibu. Msoma mita anayeshuka kila hatua ishirini, umemvisha kwato! Akitembea kwenye saruji mbwa wa mtaa mzima wanaarifiwa. Kama kidole kinafika kwenye tairi, tafuta kwanza nani amekirefusha.

Mjomba wako.


6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za nyumbani na pole kwa goti. Ukitaka ninaweza kukuambia kwa nini limekaza, lakini ningehitaji mashine yenye taa. Mtoto sasa anatambaa kwa kurudi nyuma, mume wangu anasema amerithi upande wetu.

Nimesoma somo lako la kona mara mbili. Ni zuri sana kwa mwanamume mwenye suruali ya kubana anayetoka Jumapili asubuhi kwa saa tatu tu na kurudi kulala. Mama kwapani ana daftari, begani ana mfuko wa ufunguo wa kufungulia vifuniko, mbele yake kuna geti, nyuma yake kuna lori linapiga honi. Unataka pia akumbuke mguu upi uwe juu? Wewe mwenyewe mara ya mwisho kukata kona ilikuwa lini? Nakumbuka ukiwa mlangoni mwa karakana na kikombe mkononi ukiwacheka wanaopita.

Kuhusu viatu: vile nilimchagulia mwenyewe, vipya, kwa mguu wa mama, namba kwa namba. Kiatu kigumu hakichoshi wayo, hilo linajulikana dunia nzima isipokuwa karakana moja. Sijaona kwa nini utafute kosa miguuni wakati liko kwenye bomba.

Tena nimegundua kitu. Umejibu yote isipokuwa swali moja nililouliza. Kranki hadi ekseli, sentimita ngapi? Ni tarakimu mbili tu, Mjomba. Hata muuza karanga angeniandikia.

Wako mpwa.


29 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Hali ya hewa nzuri. Mkaza mjomba wako anapaka rangi madirisha na anakusalimia. Goti liko pale pale.

Mama yako hajambo. Anapumzika kidogo, amepewa likizo ya siku chache kazini. Ukimpigia akiongea kwa ufupi usishangae, ni mafua. Hana haja ya wewe kuja, amesema nikuambie hivyo, mtoto bado mdogo na safari ni ya kutwa nzima.

Kuhusu lile jambo la vipimo tutaongea siku nyingine. Viatu hivyo avae nani sasa, sijui. Usijali.

Mjomba.


12 Juni

Mjomba,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa sababu mama alinifundisha adabu na si kwa sababu nyingine.

Mafua! Mafua yamemvunja mama kifundo cha mkono wa kulia na kumtegua bega. Nimepata barua kutoka kwa jirani yake, yule mwalimu mstaafu, ambaye alidhani ninajua siku zote na anashangaa sijafika. Ameniandikia kila kitu. Tarehe kumi na nne Aprili, saa nne asubuhi, mama alikuwa anageuza kwenye geti la nyumba ya pembeni. Kidole kikaingia kwenye tairi, usukani ukakataa, mguu mwingine ukashindwa kujinasua kwenye pedali, akaanguka pale pale kama gunia, mbele ya watu watatu waliokuwa kwenye foleni ya duka. Hakuwa na mwendo wowote. Angekuwa anakimbia asingeanguka! Hicho ndicho nilichokuandikia Februari, kwa wino, kwa kirefu, na wewe ukaniambia habari za masikio ya baiskeli.

Ukakaa na siri hiyo wiki mbili, halafu ukaandika barua ya mistari kumi kuhusu madirisha. Nilipoisoma nilifikiri umekuwa mpole kwa uzee. Kumbe ulikuwa unaogopa.

Mwalimu anasema mama yuko chumba cha mihuri tangu bendeji itoke. Anagonga kwa mkono wa kushoto. Wamempa mpaka mwisho wa Agosti: azunguke mtaa mmoja mzima mbele ya msimamizi, asimame kila geti na asiguse chini kwa bahati mbaya hata mara moja. Akifaulu anarudishiwa mitaa yake. Akishindwa anabaki na ukuta mpaka astaafu. Mtu huyo ulimpandisha kwenye mtego ulioupaka rangi mikono minne.

Kama una haya, pima fremu hiyo leo. Sihitaji hata uniandikie jibu. Isome mwenyewe ukiwa peke yako.

Mpwa wako.


25 Juni

Mtaalamu,

Marahaba, na mimi naipokea kwa adabu hiyo hiyo.

Ndiyo, nilificha. Dada aliniomba nisiseme, na mimi dada yangu akiniomba kitu huwa sigeuzi. Wewe anakuomba nini? Hakuombi, maana anajua utamwambia kuna kazi dukani. Barua ya mwalimu umeipata lini? Leo ni wiki ya ngapi? Unaandika kurasa mbili za matusi yenye salamu mwanzoni, na nauli ya basi hujaikata. Mimi nilikuwa pale siku hiyo hiyo. Nilimbeba na mkokoteni wa karakana, mfano wa ule wa nyanya nilioucheka.

Sasa nikupe habari ambayo mwalimu hakuiona. Hospitali walimvua viatu wakanikabidhi mimi kwenye mfuko. Nikaviweka juu ya meza ya jiliwa, nikavitazama kwa wiki kadhaa, sikuwa na nguvu ya kuvigusa. Jana nimevifungua. Kwenye ncha ya kila kiatu kuna pamba. Pamba nyingi, imeshindiliwa ikawa ngumu kama kizibo. Nimeing'oa nikaiweka mezani. Mguu wa dada unaishia hapa, kiatu kinaendelea mpaka kule, na katikati kuna sentimita mbili ambazo hazina mtu ndani. Ndizo zilizoingia kwenye tairi. Dada yangu hakugusa tairi kwa kidole chake hata siku moja! Amegusa kwa pamba.

Namba arobaini, viatu hivyo. Mama yako mguu wake ni wa ndege.

Nikageuza ulimi wa kiatu nitazame kiwanda. Ndani yake kuna namba ishirini na saba, imeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Ishirini na saba! Nani katika ukoo huu alivaa ishirini na saba mgongoni alipokuwa klabu ya mbio? Nani alikuwa anaandika namba yake hata kwenye chupa ya maji? Vipya, uliniandikia. Namba kwa namba. Ulichukua viatu vyako ulivyovichoka ukavitia kwenye boksi jipya la duka lako, ukafunga na utepe, ukampelekea mama yako kwenye siku yake ya kuzaliwa. Na yeye akanunua pamba.

Mwenye haya anijibu.


9 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Kuhusu viatu, vilikuwa vyangu.

Nimetuma vingine. Ni vipya kweli, vya mpira laini, havina chuma, bado vina karatasi ndani. Boksi ulifungue mbele yake ili uone. Nauli nimeulizia.

Lakini usishangilie mapema. Nilimwomba mwalimu apige picha ya baiskeli pale ilipochubuka ilipoanguka. Amenitumia picha sita, mtu makini sana yule. Kwenye bomba la chini rangi ya kijani imetoka kipande kirefu kama kiganja. Chini yake kuna njano. Na juu ya njano kuna maandishi meusi, herufi nne, ya mwisho imekatika nusu: RADI.

Radi nilikuwa naye klabu moja, Mjomba. Mwanamume mfupi mwenye mdomo mrefu. Nakumbuka msimu ule ulipomjengea fremu ya njano na akakurudishia baada ya wiki moja. Alimweleza kila mtu sababu, kwenye kila safari, mpaka tukachoka. Alisema kidole chake kinagusa tairi. Mtu wa mbio, anayelalia kona, alisema hivyo! Ukamwambia hajui kuendesha, naye akakuachia. Miaka minne fremu ile ilining'inia ukutani kwako nyuma ya mlango, nimeiona kwa macho yangu kila nilipokuja.

Kwa hiyo hukumjengea mama kitu chochote. Ulimtazama dada yako, ukatazama ukuta, ukaona vinakaribiana. Ulijua kosa lake kabla hujafungua kopo la rangi. Na niliposema Februari, hukuhitaji rula kwa sababu jibu ulikuwa nalo tangu Radi.

Sasa niambie tena kuhusu jicho.

Mpwa.


30 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Jibu limechukua wiki saba. Nilianza barua tatu na zote zilikuwa na maneno mazuri ya kukuumiza, moja ilikuhusu wewe, mume wako na mashine kwa pamoja. Nimezichoma. Mkaza mjomba wako anasema nimepungua. Mtoto wako sikumwulizia hata mara moja katika barua iliyopita, nisamehe kwa hilo kwanza.

Ni kweli ilikuwa ya Radi. Sitalizunguka.

Baada ya barua yako niliishusha ile ya kijani nikaikata kwa msumeno vipande saba. Halafu nikajenga nyingine, ya buluu, mbele ndefu, usukani ungeweza kuuzungusha mpaka ukauona mgongo wake na kidole kisiguse kitu. Nilifanya kazi kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni, wateja wakapiga mlango wakaondoka. Sijawahi kuchomelea kwa uangalifu ule. Juzi Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani wake, nikampelekea. Boksi lako la viatu lilikuwa limefika pia, hakuwa amelifungua, alisubiri nifike kama ulivyoagiza.

Akavaa viatu. Havikuingia. Safari hii umetuma thelathini na tano, nadhani uliona aibu ya arobaini ukakimbilia upande wa pili. Kisigino kilibaki nje. Sikucheka, naapa, maana nilikuwa nimeshika baiskeli na nilijua zamu yangu inakuja. Akapanda. Nilimwekea kiti chini kabisa, na bado vidole vya miguu vilikuwa vinatafuta pedali kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Nilimjengea mtu mrefu. Sijui nilimtoa wapi. Nadhani ni yule dada aliyekuwa ananibeba mgongoni tukienda kisimani. Kwangu mimi bado ana urefu ule. Mwanamke huyu nakula kwake kila Jumatano, Mtaalamu, na sijui ana kimo gani.

Akashuka. Akavua viatu vyako akavipanga kwenye boksi, akairudisha karatasi yake juu. Baiskeli yangu akaiegemeza ukutani polepole isichubuke. Kisha akatutazama, yaani mimi na boksi, akasema, "Mmoja anapima wageni kutwa. Mwingine anapima kwa jicho. Na mimi kesho nina mtihani." Akaenda kugonga kwa jirani.

Jana amefanya mtihani kwa baiskeli ya mwalimu. Ni dude la zamani jeusi, zito, lina kikapu mbele na kengele iliyopata kutu, tairi la mbele liko mbali huko kama liko na safari yake. Miguuni raba za kitambaa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nyuma ya gari ili asinione, lakini aliniona. Msimamizi alikuwa na kalamu na uso wa mtu ambaye ameshaandika jibu. Geti la kwanza, la pili, la tatu. Anafika, anasimama, anainama kwenye kifuniko, anasoma, anaandika, anageuza usukani mpaka mwisho, anaondoka. Geti la tisa ni la ile nyumba ya pembeni. Pale mimi nilifumba macho, hilo jicho langu maarufu. Nilipofumbua alikuwa amefika la kumi na moja na anamkosoa msimamizi kwamba mita mojawapo kwenye orodha yake haipo tena, ilihamishwa miaka mitatu iliyopita. Nyumba ishirini na sita, hakugusa chini kwa bahati mbaya hata mara moja. Amerudishiwa mitaa yake yote. Jumatatu anaanza.

Ilinibidi nimwulize. Tulikuwa jikoni kwake, anamenya viazi kwa ule mkono ulioungwa. Nikamwambia, "Dada, ulijua ni fremu ya Radi?" Akasema alijua siku ile ile, kamba iliyokuwa imeining'iniza ilikuwa imeacha alama kwenye bomba la juu, na rangi haikuifunika. Nikamwuliza kuhusu viatu. Akasema namba ishirini na saba aliifua yeye kwa miaka mitano kwenye fulana zako, angeshindwa kuijua? Nikamwambia, basi kwa nini ulikaa kimya? Kwa nini ulinunua pamba?

Hakuacha kumenya. Akasema, "Miaka yote mnawatengenezea watu wa nje. Siku mliponikumbuka mimi, niseme hakinitoshi?"

Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Nilitaka kukuandikia kitu baada ya hapo, kitu cha kunitoa mimi na kukuacha wewe ndani, na sikukipata. Tumekuwa wapumbavu wawili wenye vifaa.

Mjomba wako.


8 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto amesimama bila kushika kitu. Mume wangu ni mzima.

Barua yako ilinikuta dukani, nina mteja juu ya mashine. Nikaisoma nyuma ya pazia, nikarudi nikamaliza kumpima. Vipimo kumi na tisa. Jioni niliweza kuvitaja vyote bila kufungua faili, na jina la mtu huyo sikumbuki.

Naomba uniambie kitu kimoja, na unijibu safari hii. Mguu wa mama ni namba ngapi?

Mpwa wako.


17 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa kusimama kwa huyo mng'ataji.

Sijui. Nilimfuata mtaani leo asubuhi nikamwuliza, amepiga goti kwenye mita ya geti la saba. Hakuinua kichwa. Amesema uje upime mwenyewe.

Nikamwambia kwamba safari ni ya kutwa nzima na una mtoto mdogo. Akafunika kifuniko, akaandika kwenye daftari lake, akasema anajua ni ya kutwa nzima, kwa sababu yeye ameshaisafiri mara nne.

Mjomba wako.